Kupanga Upya Mtaala wa Shule ya Uuguzi Ujengwe Juu ya Umahiri: Hatua kwa Hatua

Shule ya uuguzi ikishaambiwa ihamie kwenye mtaala wa umahiri, maswali yanayofuata ni yale yale. Tuanzie wapi? Tukibadilisha maneno ya malengo ya masomo, si inatosha? Nani atawapima wanafunzi wodini wakati wauguzi wenyewe hawatoshi? Mwanafunzi akishindwa stadi moja, arudie mwaka mzima? Mwongozo huu ni wako wewe mkufunzi uliyekabidhiwa kazi hiyo na hujui uikamate wapi.

Nadharia ni ndogo. Umahiri, ambao wengine huuita umilisi, ni uwezo wa kuunganisha maarifa, stadi, uamuzi na mwenendo ili kumhudumia mgonjwa halisi kwa kiwango kilichowekwa. Mtaala wa zamani huuliza: tumefundisha nini, kwa saa ngapi? Mtaala wa umahiri huuliza: mhitimu anaweza kufanya nini, na nani amemwona akifanya? Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoangusha shule nyingi. Kila uamuzi utakaofanya hapa chini, upime kwa maneno hayo: nani amemwona akifanya?

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamati ya watu 7 hadi 10. Wawemo wakufunzi wa fani kuu, mkunga, muuguzi wa afya ya jamii, mtu wa mitihani, wauguzi wawili au watatu wanaoshika zamu wodini, mhitimu aliyeanza kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita, na mtu wa kusemea wagonjwa. Matroni peke yake hatoshi kuisemea wodi. Anajua utaratibu unavyotakiwa kuwa, lakini anayeshika zamu ya usiku ndiye ajuaye kazi inavyofanyika.
- Nyaraka: sheria au kanuni zinazotaja mipaka ya kazi ya muuguzi, viwango vya baraza la wauguzi au mamlaka ya usajili, mtaala wa sasa, mitihani ya miaka 3 iliyopita pamoja na matokeo, na ratiba halisi ya wiki. Iwe ile inayofuatwa, si ile iliyobandikwa ukutani.
- Takwimu za kila eneo la mazoezi: idadi ya vitanda, wastani wa wagonjwa, wanaojifungua kwa mwezi, wauguzi kwa kila zamu, na shule nyingine zinazoleta wanafunzi hapo hapo.
- Orodha ya vifaa vya maabara ya stadi, ikionyesha vipi vizima na vipi vibovu.
- Miezi 12 hadi 18. Mtaala unaoandikwa kwa wiki chache huwa ni ule wa zamani uliobadilishwa jalada.
- Barua ya mamlaka ya usajili inayosema nini kinaweza kubadilika na nini hakiguswi.

Usiipuuze barua hiyo. Umahiri haufuti saa za lazima. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mafunzo ya muuguzi wa huduma za jumla hayapungui saa 4,600, na mazoezi ya kliniki huchukua angalau nusu yake. Mahali pako pana hesabu yake. Ukiijua mwanzoni utaipanga ndani ya mtaala, na ukiijua mwishoni utalazimika kuubomoa.

Hatua ya 1: Anzia wodini, usianzie kwenye silabasi

Nenda na daftari kwenye wodi ya watu wazima, ya watoto, ya wazazi, idara ya dharura na kliniki ya nje. Waulize wauguzi maswali mawili tu. La kwanza: muuguzi mpya akifika hapa, wiki ya kwanza mnamwachia afanye nini peke yake? La pili: ni kazi gani mnayoogopa kumwachia? Andika majibu kwa maneno yao wenyewe.

Majibu yatafika mamia. Yapange kwa vigezo viwili: kazi inatokea mara ngapi, na ikikosewa inaleta madhara gani. Inayotokea kila siku na yenye hatari, kama kutoa dawa, kuendesha dripu na kutambua mgonjwa anayezidiwa, ndiyo uti wa mgongo wa mtaala na itapimwa mara nyingi. Isiyotokea mara kwa mara lakini yenye hatari, kama mama anayevuja damu baada ya kujifungua au mtoto mchanga asiyepumua, haiwezi kusubiri bahati ya zamu. Hiyo ipangie mazoezi ya kuigiza, tena ya kurudiwa. Ya kila siku isiyo na hatari kubwa fundisha mara moja na uipime ndani ya kazi nyingine. Iliyo adimu na isiyo na hatari, itoe. Hapa ndipo wakufunzi hugombana, kwa sababu kila mmoja ana mada anayoipenda. Kigezo kisimamie ugomvi.

Lengo ni kubaki na kazi kubwa 8 hadi 12. Kwa mfano: kumpokea na kumchunguza mgonjwa, kutoa dawa kwa usalama, kumtambua na kumhudumia anayezidiwa, kukabidhi zamu, kumhudumia mama wakati wa kujifungua, kuzuia maambukizi, kumwandaa mgonjwa kwenda nyumbani, kumhudumia anayekaribia kufa na familia yake.

Kutumia mifumo iliyokwisha kuandikwa ni halali, na kunaokoa muda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wa umahiri kwa huduma za afya kwa wote mwaka 2022, na jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya Marekani, AACN, ilitoa wa kwake mwaka 2021 wenye nyanja 10. Itumie kukagua kama orodha yako ina pengo. Usiinakili. Mfumo wa nchi nyingine huenda unampa muuguzi madaraka ambayo sheria yako haimpi, na utajikuta unamfundisha mwanafunzi kazi itakayomfikisha mbele ya baraza.

Hatua ya 2: Andika tamko la umahiri linaloweza kuonekana kwa macho

Hii ndiyo hatua inayoharibika kuliko zote. Ni rahisi mno kuchukua lengo la zamani, "mwanafunzi aelewe kumwongezea mgonjwa damu", ukaweka "awe mahiri katika" mbele yake. Hakuna kilichobadilika. Kuelewa hakuonekani. Tamko zima lina vitu vitatu: kitendo, mazingira na kiwango.

Tazama kazi hiyo hiyo ya kuongeza damu ikiandikwa vizuri:

"Akiwa wodini, mwanafunzi anamwongezea damu mtu mzima aliyeandikiwa, kwa usalama, tangu chupa inapofika hadi inapomalizika."

Chini yake viandikwe viashiria, yaani yale ambayo mpimaji atayaona:

- Anamweleza mgonjwa na kuhakikisha ameridhia.
- Pamoja na mhudumu wa pili, anahakiki kando ya kitanda jina, namba ya mgonjwa, kundi la damu, namba ya chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Anamwomba mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Hamuulizi "wewe ni fulani?", kwa kuwa mgonjwa aliyechoka huitikia ndiyo kwa jina lolote.
- Anapima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu kabla ya kuanza.
- Anaanza ndani ya dakika 30 tangu damu itoke kwenye jokofu, na anahakikisha imekwisha ndani ya saa 4.
- Anaanza polepole, anabaki karibu na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, kisha anapima tena.
- Haweki dawa yoyote kwenye mrija wa damu.
- Mgonjwa akitetemeka, akipanda joto, akilalamika maumivu ya mgongo au akibanwa pumzi, anasimamisha damu papo hapo, anabadilisha mrija na kuendelea na maji ya chumvi ya kawaida ili mshipa ubaki wazi, anaita msaada, na anahakiki upya utambulisho.
- Anaandika kila kitu, pamoja na saa.

Viashiria viwili hapo, uhakiki wa watu wawili na kusimamisha damu mgonjwa anapodhurika, viwekee alama ya "lazima". Akikosa kimoja, amekosa zoezi zima hata kama mengine yote amefanya. Ila usiweke alama hiyo kila mahali. Orodha yenye viashiria 20, vyote vya lazima, humwangusha kila mtu, na baada ya muhula mmoja wapimaji huanza kuisaini bila kuisoma.

Onyo: epuka vitenzi kama kujua, kuelewa, kufahamu na kuthamini kwenye tamko lenyewe. Tumia kupima, kuhakiki, kuandika, kuamua, kueleza, kukabidhi. Na usivunje kazi vipande vidogo mno. Kuvaa glavu si umahiri, ni hatua ndani ya umahiri. Shule iliyojikuta na matamko 300 imerudi kwenye orodha ya stadi, na mgonjwa mzima amepotea katikati ya vipande.

Hatua ya 3: Weka ngazi za usimamizi

Umahiri hauji kwa siku moja, kwa hiyo kila kazi kubwa iwe na ngazi. Wazo la kazi za kuaminiwa, lililoletwa na Olle ten Cate wa Uholanzi mwaka 2005, linafaa sana hapa kwa sababu linamuuliza mpimaji swali analoulizwa kila zamu: je, nimwachie? Ngazi ni tano:

1. Anaangalia tu.
2. Anafanya huku msimamizi akiwa kando yake.
3. Anafanya peke yake, msimamizi yuko karibu na anaitika haraka.
4. Anafanya bila kusimamiwa.
5. Anamsimamia mwingine.

Kwa kila kazi, andika ngazi inayotakiwa mwisho wa kila mwaka. Kutoa dawa za kumeza: ngazi ya 2 mwisho wa mwaka wa kwanza, ya 3 mwaka wa pili. Ngazi ya 4 ni ya aliyesajiliwa. Pale sheria isipomruhusu mwanafunzi kufanya bila kusimamiwa, unachothibitisha anapohitimu ni kwamba yuko tayari kwa ngazi hiyo. Lisemwe hivyo kwenye nyaraka, kwa maneno hayo hayo.

Hatua ya 4: Tengeneza upimaji kabla ya vipindi

Wakufunzi wengi huandika masomo yote, halafu upimaji unabandikwa mwishoni. Geuza. Mwanafunzi husoma kile kitakachopimwa, na mkufunzi naye hufundisha hicho hicho.

George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, mwaka 1990 alipanga upimaji kwa vidato vinne: anajua, anajua jinsi, anaonyesha, anafanya. Mtihani wa maandishi unafika vidato viwili vya kwanza. Cha tatu hupimwa kwa mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo akifanya kazi fupi mbele ya mpimaji, ule wa OSCE ulioanzishwa na Ronald Harden na wenzake mwaka 1975. Cha nne hupimwa wodini tu, kwa mgonjwa halisi. Unahitaji vyote.

*Mtihani wa vituo.* Vituo 12, dakika 8 kila kimoja, na dakika 2 za kuhama na kusoma maelekezo. Mzunguko mmoja ni dakika 120 kwa wanafunzi 12. Darasa la 60 ni mizunguko 5, yaani saa 10, na hakuna mpimaji anayebaki makini saa 10. Fanya njia mbili sambamba: wapimaji 24, na kazi inakwisha kwa saa 6. Hesabu hiyo ifanye sasa, si wiki ya mtihani. Kama wapimaji 24 hawapatikani, gawa siku mbili na ubadilishe maudhui ya vituo, maana habari za kituo cha sindano zitafika bwenini kabla ya chakula cha jioni.

Changanya vituo. Kimoja kiwe cha hesabu ya dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita. Jibu ni matone 42 kwa dakika, kisha mwanafunzi alirekebishe bomba kwa saa mkononi hadi matone yafuate hesabu. Wengi hupata jibu kwenye karatasi na kushindwa kwenye bomba, na ndiyo maana kituo hicho kipo. Kingine kiwe mgonjwa wa kuigiza anayekataa dawa. Kingine, mtoto mchanga wa plastiki asiyepumua, ambaye anatakiwa kuanza kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza.

*Alama ya kufaulu.* Usiweke 50 kwa sababu ni 50. Kwenye kila kituo, mpimaji ajaze orodha hakiki, halafu pembeni atoe hukumu ya jumla: amefaulu wazi, yuko mpakani, ameshindwa. Wastani wa alama za walio mpakani ndiyo alama ya kufaulu ya kituo hicho. Darasa likiwa dogo na walio mpakani ni wawili watatu, njia hiyo huyumba. Hapo tumia njia ya Angoff: wataalamu 6 hadi 10 wakadirie, kwa kila kipengele, ni wanafunzi wangapi kati ya 100 wenye uwezo wa kuvuka tu wangekipata, kisha mchukue wastani wa makadirio yao.

Na usijumlishe vituo vyote ukatoa wastani mmoja. Mwanafunzi mwenye 95 kwenye ushauri na 30 kwenye kutoa dawa ana wastani mzuri, na ataua mtu. Weka masharti mawili pamoja: idadi ya chini ya vituo vya kufaulu, na vituo vya usalama ambavyo lazima avuke vyote.

*Upimaji wodini.* Ni uchunguzi mfupi: kazi moja, dakika 15 za kutazama, dakika 5 za mrejesho, ukurasa mmoja wa fomu. Kwa kila kazi kubwa, panga uchunguzi 4 kwa mwaka, siku tofauti, na wapimaji wasiopungua wawili. Mara moja haitoshi, kwa sababu siku moja mtu huwa na bahati au mkosi. Hesabu yake ni hii: kazi 10, uchunguzi 4, wanafunzi 60, jumla 2,400. Kwa dakika 20 kila mmoja ni saa 800. Inatisha. Igawe kwa wiki 40 za mazoezi, inakuwa saa 20 kwa wiki. Igawe tena kwa wauguzi waelekezi 20, yaani wauguzi wa wodini wanaowasimamia na kuwapima wanafunzi, ni saa moja kwa wiki kwa kila mmoja. Hilo linawezekana, kwa sharti kwamba saa hiyo iandikwe kwenye ratiba ya zamu. Isipoandikwa haitafanyika, na fomu zitajazwa zote alasiri moja ya mwisho wa muhula.

Hatua ya 5: Chora jedwali la ulinganifu

Safu za kushoto ziwe kazi kubwa na viashiria vyake, na za juu ziwe moduli na vipindi vya wodini. Kwenye kila kisanduku andika A kama umahiri unaanzishwa hapo, Z kama unazoezwa, P kama unapimwa. Umahiri wenye A bila Z umetajwa tu darasani. Wenye Z bila P hakuna aliyemwona mwanafunzi akiufanya. Wenye P bila Z ni dhuluma kwa mwanafunzi. Na moduli isiyo na herufi yoyote, hata kama imefundishwa miaka 20, haina kazi kwenye mtaala huu. Iunganishe na nyingine au iondoe.

Ukiona moduli za fiziolojia na famasia zimebaki tupu, usizifute. Zigawe upya ziende sambamba na kazi zinazozihitaji: famasia ya dawa za maumivu ikae karibu na kumhudumia mgonjwa aliyepasuliwa. Umahiri bila maarifa ya msingi ni mkono unaofuata orodha bila kujua kwa nini.

Hatua ya 6: Pima kama wodi zinatosha

Mtaala mzuri kwenye karatasi huvunjikia hapa. Tuseme una wanafunzi 80, na kila mmoja anatakiwa kuzalisha akina mama 10. Unahitaji uzazi 800. Hospitali ina uzazi 150 kwa mwezi, na 45 kati yao ni wa upasuaji, kwa hiyo unabaki na 105. Wanafunzi wanakaa wodi ya wazazi miezi 4: ni 420. Hospitali hiyo inapokea pia shule nyingine mbili, na mkigawana sawa unapata 140. Hitaji ni 800, kilichopo ni 140.

Ukiliacha pengo hilo, matokeo yanajulikana: wanafunzi wanne wanasimama kwenye kitanda kimoja na wote wanaandika "nimezalisha". Daftari linajaa na mikono inabaki haijui kitu.

Njia zilizopo ni kutawanya zamu za wazazi kwa miaka miwili, kutumia usiku na wikendi, kupeleka vikundi vidogo kwenye vituo vidogo vya afya ambavyo shule nyingi huvisahau, kupatana na shule jirani kuhusu kalenda, kujaza sehemu kwa mazoezi ya kuigiza pale tu mamlaka inaporuhusu, na kupunguza udahili. Hiyo ya mwisho haipendwi na mtu, lakini iweke mezani mbele ya uongozi pamoja na hesabu yako. Fanya hesabu kama hii kwa kila kazi kubwa, hasa watoto, afya ya akili na chumba cha upasuaji.

Hatua ya 7: Sasa andika vipindi

Ukifika hapa kazi ni nyepesi kuliko ulivyodhani, kwa sababu unajua kila kipindi kinaelekea wapi. Kila moduli iwe na mtiririko: kusoma kabla, mjadala wa kisa darasani, maabara ya stadi, wodini, kisha uchunguzi wenye mrejesho.

Kwenye maabara ya stadi, njia ya hatua nne ya Peyton inafaa: mkufunzi anafanya kwa kasi ya kawaida bila kusema, anafanya tena akieleza kila hatua, mwanafunzi anaeleza na mkufunzi anafuata maelezo yake, mwishowe mwanafunzi anafanya akieleza mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa ili kuokoa muda, nayo ndiyo inayofichua nani ameelewa. Kundi lisizidi watu 8 kwa mkufunzi mmoja. Likiwa 25, wawili watagusa kanula na wengine watapiga picha.

Hatua ya 8: Waandae wapimaji

Muuguzi hodari wodini si lazima awe mpimaji hodari. Wape siku mbili. Siku ya kwanza wasome matamko na fomu, kisha watazame video tatu za mwanafunzi akifanya kazi ile ile: moja nzuri, moja mbovu, moja ya mpakani. Kila mmoja atoe alama kimya kimya, halafu ziandikwe ubaoni. Tofauti zitawashangaza wenyewe, na mjadala wa video ya mpakani ndio mafunzo yenyewe. Siku ya pili wafanye mazoezi ya mrejesho: taja ulichoona, eleza athari yake kwa mgonjwa, sema afanye nini mara ijayo. "Umejitahidi, ongeza bidii" si mrejesho.

Mwelekezi anayesita kumwandikia mwanafunzi kwamba hajafikia, mara nyingi anaogopa kubaki peke yake na lawama. Mpe barua ya uteuzi, mkufunzi wa kumpigia simu, na uhakika kwamba uamuzi wa mwisho unatolewa na jopo linalotazama uchunguzi wote.

Hatua ya 9: Andika kanuni za kuvuka na kurudia

Kwa wazo lake kamili, mtaala wa umahiri humwacha kila mwanafunzi aende kwa mwendo wake. Shule nyingi haziwezi, kwa sababu ya kalenda, ada na mabweni. Linalowezekana ni kutenga wiki mbili za mafunzo rekebishi mwisho wa kila muhula. Aliyekwama kwenye kazi moja anazoezwa na kupimwa kazi hiyo tu, na mpimaji mwingine. Andika idadi ya majaribio, muda kati ya jaribio na jaribio, na kinachofuata yakiisha. Kanuni hizi zitoke kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Zikitungwa baada ya mtu kushindwa, zitaonekana zimemlenga yeye.

Hatua ya 10: Anza na kundi moja

Kundi jipya la mwaka wa kwanza liingie kwenye mtaala mpya, na walioanza na wa zamani wamalize wa zamani. Usibadilishe miaka yote kwa pamoja. Kwa muda utaendesha mitaala miwili, na mzigo wa wakufunzi utapanda, kwa hiyo omba nafasi za ziada mapema. Kagua kila muhula: fomu ngapi za uchunguzi zimejazwa, na tarehe gani, vituo gani vya mtihani wameshindwa wengi, waelekezi wanasema nini. Rekebisha fomu na ratiba mara moja. Matamko yenyewe yaache yatulie mwaka mzima kabla ya kuyagusa.

Mambo yakikwama

*Wanafunzi wote wanapata ngazi ya juu wodini.* Wapimaji wanaona fomu kama adhabu, au hawajatazama kabisa. Kagua tarehe kwanza. Kisha rudia zoezi la video, na ongeza sehemu moja ya lazima kwenye fomu: "jambo moja la kufanya tofauti mara ijayo". Fomu isiyo na jambo hilo haipokelewi.

*Alama za maandishi ziko juu, za vituo ziko chini.* Maabara haitumiki, au inafungwa saa tisa wakufunzi wakiondoka. Weka saa za jioni zenye msimamizi, hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa juu.

*Wakufunzi wanalalamika kwamba karatasi ni nyingi.* Mara nyingi wana haki. Hesabu fomu kwa mwanafunzi mmoja kwa muhula. Zikizidi anazoweza mwelekezi kutazama kwa makini, punguza kazi zinazopimwa muhula huo, usipunguze ubora wa kutazama.

*Wodi inafanya tofauti na maabara.* Mwanafunzi amefundishwa kuhakiki kwa watu wawili, wodini anaambiwa "tutachelewa". Usimwachie mwanafunzi mzigo wa kuirekebisha wodi. Mkutano wa kila muhula kati ya wakufunzi na wakuu wa wodi uchukue tofauti tatu kubwa na kuamua. Wakati mwingine maabara ndiyo inayofundisha utaratibu usiowezekana kwa vifaa vilivyopo, na hapo ni maabara inayobadilika.

*Mwanafunzi ni hodari wa mikono lakini anamfokea mgonjwa.* Ukiona jopo halina pa kumshika, tamko lako limesahau mwenendo. Rudi Hatua ya 2, weka namna ya kusema na mgonjwa kama kiashiria ndani ya kazi yenyewe, na uwaulize wagonjwa wawili watatu kwa kila uchunguzi.

*Mamlaka ya usajili bado inatoa mtihani wa kuchagua majibu peke yake.* Wanafunzi watamwacha mgonjwa na kukimbilia maswali ya zamani, na huwezi kuwalaumu. Weka mazoezi ya maswali hayo kwenye kila moduli, yakitokana na visa vile vile vya wodini, na uanze mapema mazungumzo na mamlaka kwa kuwapelekea takwimu za vituo vyako.